Niko kwa Moshi

Karatasi yenyewe ilikuwa kipande cha daftari la mistari, kimekunjwa mara nne, na maneno yake hayakuzidi matano: Sadalla amepiga simu, yuko Moshi.

Kwa maneno hayo matano, mwanamke aitwaye Suhaila alikuwa mahabusu tangu jana yake, na mtoto wa miezi saba mapajani. Inspekta Noa Shemweta alikwenda kumwona asubuhi ile ya Jumatano kabla hajatoka kituoni. Alimkuta kakaa sakafuni, mgongo ukutani, ananyonyesha.

"Nakuuliza mara ya mwisho," Noa alimwambia kupitia nondo. "Moshi mna nani?"

"Hatuna mtu. N'nakwambia, afande, mume wangu hajavuka Muheza tangu tuje huku. Sisi watu wa Pemba. Moshi tunaisikia redioni."

"Basi kwa nini apige simu kusema yuko huko?"

"Hilo ndilo n'najiuliza miye. Sadalla akitoka huaga. Hata akenda sokoni huaga."

Noa aliikunja tena karatasi na kuitia mfukoni. Ilikuwa Julai ya mwaka themanini na tatu. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto, watu wakizika sabuni na kutupa vitenge visimani, na mkuu wake alitakiwa kupeleka taarifa Dar es Salaam kesho yake. Kwa mkuu huyo, kesi ilikuwa imekwisha. Shamba la mkonge la Mdudumizi, karibu na Kigombe, limepotelewa na tairi arobaini za lori na katoni mia mbili za sabuni. Mtunza ghala, Sadalla, hajaonekana tangu Ijumaa. Nyumba yake ya Mabawa, mjini Tanga, imepekuliwa, karatasi ikaonekana chini ya mkeka.

"Kachukue maelezo ya huyo opereta wa simu wa shamba aliyeiandika, ufunge jalada," mkuu alikuwa amemwambia. "Moshi watamkamata wao."

Kituo hakikuwa na petroli hata ya kuwashia pikipiki. Aliyemwokoa Noa na safari ya miguu ni Bwana Tadeo, mkuu wa magari wa shamba, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye alikuwa mjini na Land Rover yake kufuatilia kibali cha dizeli. Ndiye pia aliyetoa taarifa ya wizi, siku ya Jumatatu.

"Yule Mpemba ametuumiza," alisema njiani. "Miezi minne tu ana kazi kwetu, nimempokea kama mdogo wangu. Angalia alivyotulipa."

Noa alitikisa kichwa na kuangalia barabara.

* * *

Chumba cha simu cha Mdudumizi kilikuwa nyuma ya ofisi kuu, kidogo, kina dirisha moja lenye wavu. Opereta aliitwa Ruthi, binti wa mchungaji kutoka Lushoto, mwenye kola iliyopigwa pasi ikasimama. Mbele yake palikuwa na ubao wenye vifuniko kumi na viwili vya shaba, kila kimoja na namba yake. Mtu akizungusha simu huko aliko, kifuniko chake huanguka, opereta akajua nani anaita.

"Simu iliingia lini?" Noa aliuliza.

"Jumamosi, saa nne na robo. Ndiyo kwanza nimetoka kunywa chai."

"Kutoka Moshi."

"Ndiyo, afande. Alisema yuko Moshi."

"Sijakuuliza alisema nini. Nauliza simu ilitoka wapi. Opereta wa mjini alikwambiaje?"

"Opereta wa mjini?"

"Simu ya mbali haiji yenyewe, dada. Opereta wa Tanga anakwambia kwanza, pokea simu ya Moshi. Halafu ndipo unapomsikia mtu. Au Mdudumizi mna utaratibu wenu?"

Ruthi aliweka kalamu chini. Macho yake yalikwenda kwenye ubao.

"Hakukuwa na opereta," alisema taratibu. "Nilimsikia Sadalla moja kwa moja."

"Kifuniko gani kilianguka?"

"Si cha mjini. Cha mjini ni namba moja, kina kengele yake." Mkono wake ulishuka wenyewe mpaka safu ya chini. "Hiki. Tisa. Nikadhani kimelegea, maana tangu nianze kazi hakijawahi kuanguka."

Orodha ya namba ilikuwa imebandikwa ukutani. Mbele ya namba tisa mtu alikuwa ameandika Nyumba ya Pampu, kisha mtu mwingine akaikata kwa penseli.

"Ile imeachwa tangu mwaka sabini na tisa, ilipokuja pampu ya umeme," Ruthi alieleza. "Iko mbali, kilomita nane ndani ya mkonge. Hakuna mtu anayekwenda kule."

"Ipigie."

Ruthi alichomeka waya, akazungusha mkono wa simu mara tatu, akasikiliza, akampa Noa kipokeo. Hakikuwa na mlio wala mkwaruzo. Kilikuwa kimya kama kipande cha mti.

Noa alivuta kiti akaketi karibu naye. "Sasa nipe maneno yake. Kama alivyoyatamka, usipunguze."

"Si ndivyo nilivyoandika?"

"Umeandika 'yuko'. Mtu hajisemi 'yuko'."

Ruthi aliona haya. "Alisema, 'Mwambie Suhaila niko kwa Moshi.' Akiharakisha, kama mtu anayekimbizwa. Halafu ikakatika."

"Kwa Moshi."

"Ndiyo. Hapo nikamrekebisha."

"Ukamrekebisha?"

"Afande, niko kwa shangazi, sawa. Niko kwa dobi, sawa. Lakini Moshi ni mji. Nikasema hawa Wapemba wana Kiswahili chao, nikiandika vile nitachekwa mimi, siyo yeye."

Noa alimtaka amuunganishe na kituo mjini. Walingoja kama dakika kumi laini ipatikane. Ilipopatikana, alimwamuru askari wa zamu amlete Suhaila kwenye simu ya kaunta. Zikasikika funguo, kisha kilio cha mtoto, kisha pumzi ya mwanamke.

"Suhaila, mume wako akiwa Wete, husema yuko wapi?"

"Husema yuko Wete."

"Hasemi yuko kwa Wete?"

"Kwa Wete! Wete mtu? Ukisema kwa, unamtaja mtu, afande. Kwani Sadalla kasema kwa nani?"

Noa alitazama mlango wa chumba ulivyokuwa wazi, na vivuli vya watu vikipita varandani.

"Mnyonyeshe mtoto," alisema. "Narudi." Akakata.

* * *

Karani wa utumishi alikuwa Mzee Jaku, Mdigo wa zaidi ya miaka sitini, aliyeanza kazi pale tangu enzi za Wagiriki waliolimiliki shamba. Noa alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema haja yake kwa sauti ya chini. Anamtafuta mtu wa shambani anayeitwa Moshi.

"Moshi!" Mzee Jaku alicheka. "Wewe umekuja kutafuta mchanga pwani. Jina hilo hapa anapewa mtoto wa kila kabila, mwanamume na mwanamke. Na Wachaga nao wanalo la ukoo. Unataka yupi?"

"Nisomee wote."

Daftari la ajira lilifunguliwa. Walipatikana watano. Wawili wakataji wa mkonge wa kambi ya mbali, mama mmoja mfagizi, kijana wa mashine ambaye alikuwa likizo kwao Handeni tangu Juni, na mpishi wa klabu ya wafanyakazi.

Kalamu ya Noa ilisimama kwa mpishi. "Huyu anafika ghalani?"

"Kila siku, kuchukua vyakula. Na walishikana mashati na Sadalla mwezi uliopita. Alitaka sabuni bila hati, Sadalla akakataa."

Mpishi aliletwa, mtu mrefu mkavu, aproni bado kiunoni. Alipoona daftari na afande, jasho lilimtoka.

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Zahanati, afande."

"Jumamosi?"

"Zahanati. Tumbo la kuendesha. Nimelazwa Alhamisi nikatoka Jumatatu. Muulize dresa. Muulize yeyote, nilikuwa sina hata nguvu za kufunga suruali."

Noa alivuka uwanja akakiona kitabu cha dresa kwa macho yake. Mpishi hakudanganya. Aliporudi ofisini ilikuwa imetimu saa sita, na kama Sadalla alifungiwa kwenye nyumba ile ya pampu tangu Ijumaa, alikuwa anamaliza siku ya tano.

"Basi wamekwisha," alisema Mzee Jaku, akitaka kufunga daftari.

"Hao ni wa jina la kwanza, mzee. Umesema Wachaga wanalo la ukoo. Nisomee majina ya mwisho."

Mzee Jaku alifunua kurasa za mbele, za wakubwa wa shamba. Kidole chake kilishuka polepole, kikafika katikati ya ukurasa, kikakwama. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Moshi, Tadeo Anselmi," alisoma, sauti imeshuka. "Yarabi. Miaka kumi na moja namwita Bwana Tadeo. Hili jina naliandika mwenyewe kila mwaka, lakini mdomoni kwangu halijapata kupita."

"Na Sadalla angemwitaje?"

"Sadalla mgeni hapa. Kazi yake ni karatasi. Kila hati ya gari inayofika ghalani ina sahihi moja chini." Mzee aliichora hewani kwa kidole. "T. Moshi."

Kivuli kiliingia mlangoni kabla hawajainua vichwa. Bwana Tadeo alikuwa amesimama pale, anazungusha funguo za gari kwenye kidole.

"Inspekta, tumalize? Mjini nina watu wananingoja."

Noa alifunga daftari kwa kiganja bila haraka. Gari la mjini lingetaka petroli isiyokuwepo na saa mbili za njia. Kilomita nane za mkonge juani ni mwendo wa saa mbili nyingine, na huyu angetangulia. Shamba zima lilikuwa na Land Rover moja inayotembea, na usukani wake ulikuwa wa mtu huyu.

"Limebaki dogo," alisema. "Natakiwa niandike kwamba nimeyaona majengo yote. Imebaki nyumba ya pampu ya zamani. Mzee Jaku atatusindikiza anitajie vilivyomo."

Kicheko cha Tadeo kilikuja, ila kilichelewa.

"Twende," alisema.

* * *

Njia ilikuwa ya vumbi jekundu, nyembamba kuliko gari lenyewe. Mkonge ulisimama kulia na kushoto, miba yake ikikwaruza milango. Mtu ambaye angeruka pale angechanwa kabla hajasimama. Noa alikaa mbele, Mzee Jaku nyuma. Hawakukutana na mtu. Mkonge wa upande ule ulikuwa umeachwa bila kukatwa miaka kadhaa, umetoa milingoti mirefu iliyoziba hata upeo wa macho.

"Utachafua viatu bure, Inspekta," Tadeo alisema. "Kule ni popo na kutu. Hata simu yenyewe, waya ulikatika Jumapili."

Nyuma, Mzee Jaku alikohoa.

"Jumapili?" Noa aliuliza.

"Upepo."

Walikwenda kama kilomita moja. Kisha gari likapunguza mwendo, likanguruma, likasimama katikati ya njia. Tadeo alipiga usukani kwa kiganja.

"Mafuta. Nilijua. Itabidi turudi kwa miguu."

Noa alitazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umelala nusu.

"Bwana Moshi," aliita, macho yake yakiwa bado kwenye mshale.

"Naam," alijibu Tadeo.

Neno lilitoka lenyewe, kama linavyomtoka mtu aliyeitwa kwa jina lake tangu utotoni. Alipolisikia mwenyewe, alifumba macho. Injini ilikuwa ikitoa mlio wa kupoa, tik, tik, na jua likigonga bati la gari.

"Yu hai?" Noa aliuliza.

"Inspekta, wewe una familia." Tadeo aligeuka mzima mzima kwenye kiti, akaongea harakaharaka. "Sabuni nyumbani kwako mnapata wapi? Sukari je? Mpaka na Kenya umefungwa, kila mtu anahangaika. Chukua tairi kumi. Chukua ishirini. Useme umefika umekuta pamefungwa, karatasi unayo, Moshi ni mji, nani atakuuliza?"

"Nimekuuliza, yu hai?"

"Sikumpiga! Aliingia kukagua mwenyewe, akakuta mzigo, ningefanyaje? Nimemfungia tu mpaka mzigo uvushwe Kenya kwa njia ya Moa. Watu wa Moa wakakawia. Nilikuwa nampelekea maji."

"Mara ya mwisho lini?"

Tadeo alirudisha macho kwenye usukani.

"Lini?"

"Jumapili. Kuanzia Jumatatu askari walijaa kila mahali, ningekujaje?"

Mkono wa Tadeo ulikuwa umeshika funguo, na Noa aliona vidole vikizikaza. Akizitupa kwenye mkonge ule, zisingeonekana mpaka mvua za masika. Noa alipima umbali, akaona hatawahi.

Mzee Jaku ndiye aliyesogea. Aliinama mbele, akaweka mkono wake mkavu juu ya bega la Tadeo.

"Mimi ndiye niliyekuandika kazi," alisema. "Ulikuja na viatu vya kuazima. Nilikuuliza wajua kuendesha, ukasema ndiyo, na ulikuwa hujui, nikanyamaza. Washa gari, mwanangu."

Ilichukua muda. Kisha funguo zikaingia mahali pake, na gari likawaka mara moja.

* * *

Nyumba ya pampu ilikuwa chumba kimoja cha mawe, dirisha lake limezibwa kwa tofali. Mlango ulikuwa wa chuma, wa zamani, ila kufuli lilikuwa jipya, bado lina grisi. Noa alimfunga Tadeo pingu kwenye bomba la nje, akachagua ufunguo mpya kuliko wote kwenye fungu lake. Uliingia.

Joto lilimpiga usoni, na harufu ya mpira. Tairi na katoni za sabuni zilipangwa mpaka darini, zimeacha upenyo wa kupita mtu kiubavu. Kutoka nyuma ya mzigo ikaja sauti iliyokauka.

"Sitosema. N'shakwambia sitosema kitu. Nifungulie tu n'ende zangu."

"Sadalla, mimi ni polisi. Njoo."

Hakuja. Noa alijipenyeza mpaka mwisho na kumkuta amejikunja chini ya simu ya ukutani, midomo imepasuka, ulimi umevimba, mikono imejaa kutu. Siku tatu hizo alikuwa akilamba matone yaliyosalia kwenye pampu. Mwanga ulipomfikia alijikinga uso kwa kiwiko.

"Mke wangu kapata salamu?" aliuliza.

"Kazipata," alisema Noa. Alimpitisha mikono kwapani akaanza kumvuta kuelekea mlangoni.

Mzee Jaku alikuwa na chupa ya maji ya kutawadhia aliyotoka nayo ofisini. Alimnywesha kwa kifuniko, kidogo kidogo, akimkataza kupapia. Sadalla alipomwona Tadeo kwenye bomba aliacha kunywa.

"Huyo ndiye Moshi," alisema. "Jina jengine mimi silitumii. Kwenye karatasi zangu ni Moshi."

* * *

Noa aliendesha mwenyewe mpaka mjini, akampitisha Sadalla hospitalini, akafika kituoni saa kumi na mfungwa wake. Askari wa zamu alimpokea kwa tabasamu na karatasi mkononi.

"Afande, mwanamke amekiri. Saa saba mchana."

Noa aliisoma pale kaunta. Mimi Suhaila nilijua kwamba mume wangu amekimbilia Moshi na mali. Chini palikuwa na sahihi iliyotetemeka, na muhuri wa kituo juu yake.

"Mmemfanya nini?"

"Hatukumgusa. Tumemwambia tu kwamba mahabusu si mahali pa mtoto, mtoto atapelekwa kwingine. Akaomba kalamu."

Noa alichukua funguo na kwenda mwenyewe. Suhaila alisimama alipomwona, mtoto kambana kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mumeo yu hai," Noa alisema. "Yuko hospitali. Ameishiwa maji, lakini anasema."

Mwanamke alikaa chini tena, akamshusha mtoto mapajani. Aliuliza, "Kasema alikuwa kwa nani?"

"Kwa Moshi. Jina lake jingine ni Tadeo."

"Tadeo wa magari?"

"Ndiye."

"Tadeo ndiye aliyeniletea karatasi." Alisema polepole, akilitazama kila neno. "Jumamosi jioni, kasema opereta kampa anifikishie. Kajitaja Tadeo wa magari, kakaa kwangu, kala wali wangu. Kambeba mtoto huyu. Akanambia, wakija kuuliza kubali tu kuwa yuko Moshi, watakuonea huruma. Na leo n'meandika."

"Umeandika. Na imekwisha pigwa muhuri, haitoki jaladani. Itabidi uje uikane mbele ya hakimu, na watakuuliza maswali mabaya. Nitakuwepo." Noa alifungua mlango. "Nimekuwekea dhamana mimi. Keti hapo kwenye benchi tuandike maelezo mapya kabla mkuu hajarudi."

"N'takuja kuandika."

"Ni dakika chache tu, Suhaila."

"N'mesema n'takuja. Na hiyo ya hakimu n'takuja. Kwanza n'mwone."

Tayari alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa kanga. Land Rover ilikuwa kielelezo sasa, hairuhusiwi kuondoka uani, na kituo bado hakikuwa na petroli. Noa alichukua kofia yake akamfuata. Walitoka na njia ya hospitali, yeye akitaka kumweleza alivyomkuta mumewe, asije akashtuka akiona midomo ile. Lakini Suhaila hakungoja maelezo. Alipita foleni ya sabuni mbele ya duka la ushirika bila kugeuza shingo, viatu mkononi, anatembea upesi kuliko mtu anayekimbia, na Inspekta Noa Shemweta, mtu wa milimani aliyejisifu kwa miguu yake, alibaki hatua ishirini nyuma mpaka walipofika getini.